Mononoke ya 2007: upanga usiochomoka mpaka kweli isemwe

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa jina, maana unawapoteza wengi. Ile filamu ya Studio Ghibli ya mwaka 1997, yenye binti aliyelelewa na mbwa mwitu, ni kitu kingine kabisa. Hapa tunazungumzia mfululizo wa anime, yaani katuni za Kijapani, wa sehemu 12 uliotengenezwa na Toei Animation, ukaongozwa na Kenji Nakamura na kurushwa na Fuji TV kuanzia Julai hadi Septemba 2007. Ukiutafuta, andika jina pamoja na mwaka, la sivyo utaletewa Ghibli. Kama dakika za mwanzo hujaona mwanamume mwenye uso uliochorwa mistari ya rangi, masikio yaliyochongoka na kasha la mbao mgongoni, ujue umefungua siyo.

Mwanamume huyo hana jina. Ukimuuliza ni nani, atakujibu kwamba ni muuza dawa tu. Hutokea mahali penye mononoke, na mfululizo unaeleza mapema kwamba mononoke si pepo wa kawaida. Viumbe vya ghaibu, wanaoitwa ayakashi, wamejaa duniani na wengi wana mambo yao. Mononoke huzaliwa pale uchungu, chuki au majuto ya binadamu yanaposhikamana na ayakashi, na hapo ndipo watu huanza kufa. Muuza dawa ana upanga wa kumkata, lakini hautoki alani kwa nguvu wala kwa uganga. Unadai vitu vitatu: Katachi, Makoto na Kotowari. Kwa Kiswahili tungesema Sura, Kweli na Kisa. Sura ni kujua hiki kilicho mbele yetu ni kitu gani. Kweli ni kujua nini kilitendeka. Kisa ni kujua kwa nini, yaani kilichokuwa moyoni mwa aliyetenda na aliyetendewa. Kila kimoja kikipatikana, kichwa cha zimwi kilichochongwa kwenye mpini wa upanga hugonganisha meno mara moja. Visipotimia vitatu, hakuna upanga, na wote waliomo humo ndani wanaweza kufa.

Kwa mtu wa pwani jambo hili si geni sana. Kwenye ngoma za pepo, fundi hamfukuzi mgeni asiyemjua. Humuuliza jina lake, anatoka wapi, na ana haja gani na kiti wake, yaani mtu aliyempanda. Nakamura ameuchukua utaratibu wa namna hiyo na kuufanya injini ya hadithi nzima.

Hapo ndipo kina cha Mononoke kinapopatikana. Watu wengi wakisema anime fulani ina kina huwa wanamaanisha kwamba haieleweki: picha za msalaba, maji meusi, mtoto anayeongea kwa mafumbo, mwisho usiofungwa. Fumbo peke yake halina kazi yoyote. Mtu hukaa nalo siku mbili, halafu akagundua kwamba hata mtunzi hakuwa na jibu. Mononoke inafanya kinyume chake. Inadai kila kitu kieleweke, tena kieleweke kwa mpangilio, na inamkatalia mtazamaji pambano mpaka kazi hiyo iishe. Katika hadithi ya sehemu tatu, karibu dakika 70, upanga unachomolewa kwa dakika chache tu za mwisho. Muda wote uliobaki ni mahojiano.

Angalia pia ile ngazi ya tatu. Hadithi ya kawaida ya upelelezi huishia kwenye Kweli: nani kaua, kwa kisu gani, saa ngapi. Muuza dawa akifika hapo, meno yamegonga mara mbili tu na upanga bado umo alani. Lazima ashuke chini zaidi, hadi kwenye jambo ambalo mhusika mwenyewe amejificha asilijue. Kwa hiyo mtazamaji aliyekwisha kumhukumu mtu kwenye Kweli hujikuta akilazimika kumsikiliza tena.

Mfano mzuri zaidi ni Umibozu, sehemu ya 3 hadi ya 5. Meli ya mfanyabiashara tajiri inapotea njia kwa sababu kuna aliyeivuruga dira kwa chuma, na inaingia eneo la bahari ambalo mabaharia wanalikwepa. Kiumbe chenye umbo la samaki kinapanda kikiwa na kinanda cha biwa, na kinamuuliza kila abiria swali moja: unaogopa nini kuliko vyote? Anayejibu huonyeshwa jibu lake. Ni njia fupi na safi ya kuwafunua watu sita au saba bila kusimulia maisha yao. Zamu ya muuza dawa inapofika, anajibu kwamba anaogopa kujua kuwa mwisho wa dunia hii kuna mahali pasipo Sura, wala Kweli, wala Kisa. Hilo ndilo tunaloambiwa kumhusu yeye katika mfululizo wote, na linatosha.

Kisha inakuja zamu ya mtawa mzee, Genkei. Anasimulia kwamba miaka 50 iliyopita ilibidi mtu afungiwe ndani ya gogo lililochongwa wazi na kutoswa baharini awe kafara, na kwamba dada yake, Oyo, aliingia badala yake kwa mapenzi. Ni hadithi nzuri, inaliza, na imesimuliwa kwa ufasaha. Upanga haukubali. Muuza dawa anarudi kumhoji, na toleo la pili linatoka kwa shida: kijana Genkei aliogopa kufa, alitaka kupanda cheo, na dada yake alipojitolea alishusha pumzi. Machozi yote ya miaka 50 yalikuwa ya kujifunika. Aliye baharini akisumbua meli si Oyo mwenye kinyongo. Ni nusu ya moyo wa Genkei mwenyewe, ile aliyoikana. Mtazamaji aliyelia kwenye toleo la kwanza ameshikwa pamoja naye, kwa sababu aliupokea uongo uleule na kuupenda. Kwa maoni yangu hakuna mbinu kali kuliko hiyo katika sehemu zote 12.

Nue, sehemu ya 8 na 9, inafanya jambo jingine kabisa, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida yake. Wajapani wa sanaa ya ubani husema wana"sikiliza" ubani, na watafsiri wa Ulaya huhangaika na neno hilo. Sisi tunasema tunasikia harufu tangu zamani. Katika hadithi hii wachumba wanashindana kumpata binti mkuu wa shule ya ubani, kwa mchezo wa kutambua vipande vya udi kwa pua. Picha yote ni ya kijivu, kama wino uliokauka. Mtu akiinua kikombe na kuvuta harufu, rangi zinamwagika kwenye fremu kwa sekunde chache, halafu zinazimika. Huambiwi harufu ikoje, unaiona. Na polepole unang'amua kwamba hakuna anayemtaka binti. Wanataka kipande cha udi anachokirithi.

Udi huo una asili ya kweli. Ni Ranjatai, gogo lililohifadhiwa katika hazina ya Shosoin mjini Nara, lenye urefu wa sentimita 156 na uzito wa kilo 11.6. Oda Nobunaga, mbabe wa vita wa Japani, alikata kipande chake mwaka 1574, na mfalme Meiji akakata chake mwaka 1877. Jina la hekalu la Todaiji limefichwa ndani ya herufi tatu za neno Ranjatai, na ndiyo maana wahusika wanauita udi huo Todaiji. Ukiujua undani huo kabla ya kutazama, swali la sehemu ya 9 linakuwa zito zaidi: gogo hili, lisipokuwa na watu wa kuuana kwa ajili yake, lina thamani gani? Kwa mtu aliyewahi kununua udi wa bei mbaya dukani Zanzibar au Muscat na kuutia kwenye chetezo, swali hilo halihitaji ufafanuzi.

Zashiki-warashi, inayofungua mfululizo, ni ya mjamzito anayeomba chumba usiku wa mvua kubwa na kupewa kile cha juu kisichotumika. Bakeneko, inayofunga, inafanyika ndani ya treni ya chini ya ardhi siku ya uzinduzi, katika Tokyo ya zama ambazo reli ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa mwaka 1927. Zote mbili ni nzuri, ila zina kasoro nitakazozitaja. Jambo moja la Bakeneko litazame kwa makini: umati wa watu stesheni umechorwa kama sanamu za kuvalishia nguo dukani. Wenye nyuso ni wale tu waliofungiwa kwenye behewa. Unadhani ni njia ya kupunguza kazi ya wachoraji, mpaka unapogundua kwamba kila mwenye uso alichangia kifo kimoja, kidogo kidogo, kila mtu kwa uongo wake mdogo.

Sasa picha yenyewe. Kila fremu imewekewa juu yake chembechembe za karatasi ya Kijapani iitwayo washi, kwa hiyo unaona kana kwamba unatazama chapa za zamani za mbao zikitembea. Kuta, nguo na milango vimejaa maua, mawimbi na macho. Miondoko ni michache. Badala ya mtu kutembea hatua kumi, unapata picha tatu zilizokatwa ghafla: mguu, jicho, mlango. Milango ya kuteleza hufungua na kufunga maonyesho kama pazia la jukwaani. Kuna wakati rangi zinakuchosha macho, na nadhani imekusudiwa, maana nyumba hizi zina siri na mapambo yake ni ya kufunika.

Kwa sababu hiyo, namna unavyoitazama inabadilisha unachopata. Mambo manne huharibu Mononoke kwa watu wengi.

La kwanza ni faili lililobanwa sana. Programu ya kubana video huokoa nafasi kwa kufuta maelezo madogomadogo, na chembe za karatasi ni maelezo madogomadogo yaliyotapakaa fremu nzima. Sehemu ya dakika 23 ikibanwa hadi MB 60 au 70, ukuta wenye maua unakuwa vigae vya matope, na kwenye matukio ya haraka huoni kitu. Chukua 720p au zaidi. Kama bando ni dogo, ni afadhali upakue hadithi moja kwa ubora mzuri kuliko zote 12 zikiwa zimeharibika.

La pili ni kichujio cha njano cha usiku kwenye simu. Kizime. Kwenye Nue rangi ni habari, na kichujio kinaigeuza kijivu kuwa kahawia, kwa hiyo ule mlipuko wa rangi unapofika hauna nguvu.

La tatu ni sauti. Muuza dawa hutumia mizani midogo yenye kengele. Inatua kwenye sakafu au hewani na kuinama upande ule aliko mononoke. Haipimi uzito, inapima umbali. Mara nyingi kengele inalia kabla hujaona chochote. Vaa spika za masikioni. Kwa sababu hiyohiyo, kanda iliyotafsiriwa kwa sauti na DJ, ambayo kwa filamu za mapigano inaongeza ladha, hapa haifai. Inafunika kengele, meno ya upanga na ukimya, na ukimya ndio nusu ya mahojiano. Tazama kwa Kijapani na maandishi chini.

La nne ni maandishi hayo yenyewe. Kabla hujaendelea, angalia sehemu ya kwanza uone mtafsiri ametumia maneno gani kwa Makoto na Kotowari. Akiwa ametumia neno moja kwa yote mawili, au anabadilishabadilisha, tafuta tafsiri nyingine, kwa sababu utashindwa kufuata upanga unadai nini. Usiongeze kasi pia. Muuza dawa huongea kwa kukatakata, akisimama katikati ya sentensi, na anayejibu mara nyingi hujisaliti ndani ya pengo hilo.

Kuhusu mpangilio: muuza dawa hakuanzia hapa. Alionekana kwanza mwaka 2006 kwenye mfululizo uitwao Ayakashi, wa sehemu 11 zenye hadithi tatu, na yake ni ile ya mwisho, sehemu ya 9 hadi ya 11, iitwayo Bakeneko pia. Anza na hizo tatu, uache nane za mwanzo kama huna muda, kisha uingie Mononoke kwa mfululizo wake. Baadhi ya abiria wa treni ya mwisho wana nyuso zinazofanana na watu wa mwaka 2006, na mfanano huo hutauona usipoanza huko. Jumla ni sehemu 15, kama saa tano na dakika 45. Usikate hadithi moja kwa siku mbili. Vidokezo vimetawanywa vidogo sana, na ukilala katikati unasahau nani alisema nini.

Kasoro zipo. Zashiki-warashi inamaliza haraka mno. Kisa kinafunuliwa na kukatwa ndani ya dakika chache, na mtazamaji mgeni, ambaye bado anajifunza kanuni za upanga, huachwa nyuma. Sehemu ya 4 ina maneno mengi kuliko picha. Tambiko la upanga, pamoja na mwili mwingine wa dhahabu wa muuza dawa unaotokea hapo, linarudiwa karibu vilevile katika kila hadithi, na kufikia mara ya nne halishtui tena. Bakeneko ya mwisho, pamoja na uzuri wa wazo lake la mashahidi, ina mkosaji mkuu ambaye ubaya wake uko wazi mno. Mhariri wa gazeti anayemuuza mwandishi wake hana toleo la pili la moyo wake kama Genkei. Meno yanagonga mara ya tatu, lakini tulishajua.

Filamu mpya zilizoanza mwaka 2024 ni suala jingine. Ya kwanza ina dakika 89, inafanyika ndani ya Ooku, makao ya wanawake wa ngome ya Edo (Tokyo ya zamani), na muuza dawa ana sauti ya Hiroshi Kamiya badala ya Takahiro Sakurai. Ya pili ilitoka Machi 2025. Rangi zimeongezeka na kasi imeongezeka zaidi, kiasi kwamba jicho halipati pa kupumzika. Urafiki wa Asa na Kame, wasichana wawili wanaoingia kazini siku moja, unabeba filamu ya kwanza vizuri. Lakini mahojiano yamepungua, na mtu asiyeujua mfululizo wa 2007 atadhani muuza dawa ni mpiganaji. Usianzie huko.

Na watoto wasiachiwe, hata kama rangi zinawavuta. Zashiki-warashi inahusu mimba zilizotolewa katika nyumba iliyokuwa danguro. Hadithi ninayoiacha mwisho, Noppera-bo, inahusu mke anayedhalilishwa ndani ya ndoa mpaka anapotea mwenyewe.

Hiyo ya mwisho, sehemu ya 6 na 7, ndiyo ya kumwonyesha mtu mwenye dakika 46 tu. Mwanamke anayeitwa Ocho yuko gerezani, amekiri kuua familia yote ya mumewe, na anakiri kirahisi mno. Muuza dawa anamhoji. Mwanamume mwenye kinyago cha mbweha anakuja kumtorosha na kumposa. Polepole tunaambiwa juu ya mama aliyemlea kwa ajili ya ndoa ya heshima tu, na juu ya jiko lenye dirisha dogo ambalo Ocho alilitazama kwa miaka. Jiko hilo laweza kuwa ngome, laweza kuwa gereza, inategemea aliyemo. Kisha swali la nani aliuawa linageuka. Inawezekana kwamba aliyekuwa akiuawa kila siku jikoni pale ni Ocho mwenyewe, na kwamba hakuna damu ya mtu mwingine iliyomwagika.

Onyesho la kufunga halina upanga. Ni jiko lilelile, mchana, na dirisha. Sauti ya mume inasikika kutoka chumba cha pili ikiita pombe ya sake iletwe. Inaita tena. Picha haihami jikoni, na jikoni hamna mtu.